Matuta ya mitaani na madereva wasiowajali wapita njia

MATUTA yanayojengwa katika barabara za mitaa ya makazi yana kusudi moja tu, nalo ni kumlazimisha dereva apunguze mwendo mahali ambapo watoto, wakongwe, wachuuzi na wapita njia wengine hawana ukuta wala ua wa kuwakinga dhidi ya magari.

Hata hivyo, yeyote aishiye kando ya barabara ya aina hiyo, iwe ni Buruburu au Umoja jijini Nairobi, Tudor au Bamburi kule Mombasa, ama Langas mjini Eldoret, anafahamu fika kwamba tuta peke yake halimgeuzi dereva kuwa mwungwana. Yuko anayelikwepa kwa kupitisha magurudumu ukingoni palipo na watu. Yuko anayelivuka polepole kisha akakanyaga mafuta kana kwamba analipiza kisasi kwa sekunde alizopoteza. Na yuko anayempigia honi mwenzake aliye mbele kwa kosa la kupunguza mwendo.

Wengi huyachukulia mambo hayo kuwa kero ndogo ndogo za maisha ya mjini. Lakini hatari yake si ndogo. Kati ya mwaka 2021 na 2024, kila mwaka ulishuhudia vifo vya watu zaidi ya 4,000 katika barabara za Kenya, kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Mwaka 2024 pekee waliofariki walikuwa 4,748. Tunaposikia idadi hiyo, picha inayotujia akilini ni ya basi lililobingirika Salgaa au lori lililokatika breki mteremkoni. Ilhali kundi linaloongoza kwa vifo, mwaka baada ya mwaka, ni la watu waliokuwa wakitembea kwa miguu.

Kwa nini kasi ya mtaani ni suala la uhai

Gari linalokwenda kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde. Dereva aonapo hatari, huhitaji muda wa kutambua anachokiona, kuuondoa mguu kwenye mafuta na kuukanyagisha breki. Hata kama muda huo ni sekunde moja tu, gari huwa limekwisha kusonga umbali unaokaribia urefu wa matatu tatu za abiria 14 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na breki haijaanza kushika.

Mwongozo rasmi wa madereva wa Uingereza hukadiria kwamba gari dogo lenye kasi ya kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 ili lisimame kabisa. Kasi hiyo ikishushwa hadi kilomita 32, umbali huo huwa mita 12 pekee. Mtoto anayechomoka katikati ya magari yaliyoegeshwa akifuata mpira anaishi au anafariki ndani ya tofauti hiyo ya mita 11. Isitoshe, kasi ya gari ikiongezeka maradufu, nguvu ya mgongano haiongezeki maradufu bali mara nne.

Na je, dereva anayekimbia mtaani hufaidika nini? Tuchukue barabara ya mtaa yenye urefu wa kilomita moja. Aendaye kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa ataimaliza kwa sekunde 72, na yule wa kilomita 30 ataimaliza kwa sekunde 120. Anachookoa wa kwanza ni sekunde 48, muda ambao aghalabu hautoshi hata kusubiri chenji kutoka kwa kondakta.

Hii ndiyo sababu mawaziri na wajumbe wa nchi mbalimbali waliokutana Stockholm, Uswidi, Februari 2020 walipendekeza kasi isiyozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli. Nchini Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Kikomo hicho kingali juu mno kwa kijia cha mtaani chenye duka la mboga kila baada ya hatua ishirini. Pengo lililoko kati ya sheria na usalama ndilo tuta limewekwa kuliziba.

Yalikotoka

Fikra ya kuinua sehemu ya barabara ili kuwapunguza mwendo wenye magari ina umri unaokaribiana na ule wa gari lenyewe. Mwaka 1906 katika mji mdogo wa Chatham, jimbo la New Jersey, Marekani, vivukio vya wapita njia viliinuliwa juu ya uso wa barabara kwa takriban inchi tano, makusudi ili waendao kasi waonje mtikiso.

Karibu nusu karne baadaye, mnamo 1953, kazi hiyo ilimwangukia mtu ambaye hakuna angemtarajia. Arthur Holly Compton alikuwa mwanafizikia aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1927, na wakati huo alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Alikerwa na kasi ya magari yaliyokuwa yakipita karibu na jengo lake la kazi, akaketi na kubuni matuta ya kuyadhibiti. Yaani mtu aliyepata sifa kwa kuchunguza miale isiyoonekana kwa macho alilazimika kutumia ujuzi wake kuwafunza adabu madereva wa chuoni.

Utafiti wa kina zaidi ulifanywa nchini Uingereza. Mwaka 1973, G. R. Watts wa maabara ya serikali ya utafiti wa uchukuzi na barabara alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa matuta ya maumbo mbalimbali. Umbo lililopendekezwa, lenye upana wa takriban mita 3.7 kutoka linapoanza kupanda hadi linapomaliza kushuka na kimo cha sentimita 10, liliigwa na mataifa mengi na hadi leo hujulikana kwa jina lake.

Tuta fupi na tuta pana

Majaribio hayo ya Watts yalifichua jambo ambalo kila mwenye kujenga tuta mtaani angepaswa kulijua. Tuta fupi, lile la upana wa futi moja hivi lililoinuka kama gogo lililozikwa nusu, humtikisa sana dereva anayekwenda kwa mwendo mdogo au wa wastani. Lakini kasi ikizidi sana, springi na vifaa vya kufyonza mtikiso hulimeza pigo lote, na bodi ya gari haipati hata muda wa kuinuka. Dereva wa gari kubwa lenye magurudumu mapana hugundua upesi kwamba kulivuka tuta la namna hiyo kwa kasi humwumiza kidogo kuliko kulivuka taratibu.

Tuta pana hufanya kinyume chake. Gari zima hupanda juu yake na kushuka, kwa hivyo kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo dereva anavyorushwa kutoka kitini. Haliwezi kudanganywa kwa kasi.

Mitaa yetu mingi imejaa aina ile ya kwanza. Matokeo yake ni dhuluma ya aina yake: mwenye gari dogo la kizamani husimama karibu kabisa, akalivuka tuta huku akisikia chuma kikikwaruza sakafuni, ilhali mwenye gari kubwa la kifahari, ambalo uzito wake ni tishio zaidi kwa mpita njia, hulipaa bila kumwaga kahawa yake. Mwenye kusukuma mkokoteni wa mitungi ya maji naye hulazimika kuomba msaada wa wapita njia ili avuke.

Pamoja na kasoro hizo, ushahidi kwamba matuta huokoa maisha ni thabiti. Nchini Ghana, vituta vidogo vya kutikisa magurudumu vilivyowekwa katika makutano ya Suhum kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi vilipunguza ajali kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55, kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na Benki ya Dunia mwaka 2004. Mwaka uo huo, watafiti wa mjini Oakland, California, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba uwezekano wa mtoto kugongwa mtaani kwao ulipungua kwa takriban nusu palipokuwa na tuta karibu na nyumbani. Karibu nasi, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliotekelezwa Dar es Salaam na katika miji mingine ya Afrika kwa kuweka matuta, njia za miguu na vivukio karibu na shule, ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019.

Hatari inapohamia ukingoni

Tuta hudhibiti zile mita chache lililokalia, basi. Kinachotokea kabla yake, baada yake na kandoni mwake kimo mikononi mwa dereva. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Tatizo baya kuliko yote linatokana na nafasi inayoachwa kati ya mwisho wa tuta na mtaro. Wajenzi huiacha ili maji ya mvua yapite, na hawana kosa kwa hilo. Lakini mitaa mingi haina njia za miguu zilizoinuliwa, kwa hivyo ukingo huo wa barabara ndio njia ya mama aliyembeba mtoto mgongoni, ya mwanafunzi anayerejea nyumbani na ya mzee anayeitafuta zahanati kwa mkongojo. Dereva anayelikwepa tuta huingiza magurudumu yake ya kushoto papo hapo. Anaokoa springi zake kwa kumsukuma mpita njia mtaroni. Kifaa kilichowekwa kumlinda atembeaye kwa miguu hugeuka kuwa sababu ya gari kumfuata hadi pale alipojibanza.

Waendeshaji wa bodaboda ndio waliobobea katika mtindo huo. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa ziada ya thamani (VAT) kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vyombo hivyo vimeenea hadi vichochoroni, na upenyo wa nusu mita unawatosha kupita bila kupunguza mwendo hata kidogo. Mpita njia husikia mngurumo nyuma yake baada ya kioo cha pikipiki kumgusa kiwiko.

Mtindo wa pili, ambao pengine ni hatari zaidi ingawa hautokei mara kwa mara, ni wa kulipita gari lililo mbele pale pale kwenye tuta. Gari la mbele limepunguza mwendo. Lile la nyuma linaona mwanya wa kuruka foleni, linahamia upande wa kulia na kulivuka tuta sambamba nalo. Ikumbukwe kuwa watu wengi huvukia barabara kwenye matuta kwa kuwa wanaamini hapo magari hupungua mwendo. Mtoto anayevuka ameonekana na dereva wa kwanza, lakini amefichwa na gari hilo hilo asionekane na wa pili. Kila mwanafunzi wa udereva hufundishwa asiyapite magari mengine mahali watu wanapovukia. Ni somo linalosahaulika siku leseni inapotoka.

Kisha kuna mbio za kati ya tuta na tuta. Dereva hulivuka la kwanza, akakanyaga mafuta hadi injini ikanguruma, halafu akafunga breki kwa ghafla mita chache kabla ya la pili. Kasi yake ya wastani ni ndogo, na labda hujisifu kwayo, lakini katikati ya matuta hayo alikuwa akienda kwa mwendo ule ule uliokusudiwa kuzuiwa. Anachoma mafuta zaidi na kula breki zake mwenyewe. Wenye nyumba zinazopakana na tuta hubaki na kelele: breki zinazolia, gia zinazobadilishwa na, usiku wa manane, lori tupu ambalo bodi yake hugonga kwa kishindo kuliko lililojaa mchanga.

Taa nazo zina adabu yake usiku. Pua ya gari inapopanda tuta, mwanga wake huinuka na kumpiga machoni anayetoka upande wa pili. Aliyewasha taa kamili wakati huo humpofusha mwenzake kwa sekunde kadhaa, mahali ambapo kuna uwezekano mkubwa wa mtu kuwa anavuka. Msimu wa masika huongeza lake, kwa kuwa mtaro ukiziba, tuta huzuia maji kama boma dogo na kidimbwi hutanda upande wa juu. Kumrushia mtu aliyevalia nguo za kazini maji ya matope saa kumi na mbili asubuhi hakuhesabiwi katika takwimu zozote za ajali, lakini aliyerushiwa atalikumbuka gari hilo mwaka mzima.

Haitakuwa haki kuwasahau wenye matatu wanaoligeuza tuta kuwa kituo. Kwa kuwa gari limekwisha kupunguza mwendo, makanga huruka chini na kuanza kuita abiria, wachuuzi wa njugu na maji husogea madirishani, na mlolongo wa magari hujengeka nyuma. Wachuuzi ninawaelewa, wanatafuta riziki mahali mteja anapopatikana. Dereva anayesimama juu ya tuta ili kujaza kiti kimoja hana udhuru huo, kwani kituo kiko mbele yake.

Ndani ya gari

Madhara ya kulipaa tuta hayawapati walio nje pekee. Abiria wa viti vya nyuma huketi juu au nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, na hapo ndipo gari hurusha kwa nguvu zaidi. Dereva aliyeketi mbele huhisi sehemu ndogo tu ya kile abiria huyo anachohisi, naye hushangaa anaposikia mayowe. Majarida ya kitiba yameripoti visa vya abiria wa mabasi waliovunjika pingili za uti wa mgongo baada ya kurushwa kutoka viti vya nyuma na kuangukia matako. Kwa mama mjamzito, mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji au mzee mwenye mifupa dhaifu, tuta lililovukwa kwa kasi si jambo la kuchekea.

Kuna upande mmoja wa kustaajabisha katika habari hii. Mwaka 2012, madaktari wa Uingereza walichapisha katika jarida la BMJ utafiti kuhusu wagonjwa walioshukiwa kuwa na uvimbe wa kidole tumbo. Waliwauliza iwapo maumivu yao yalizidi gari lilipovuka matuta wakiwa njiani kwenda hospitalini. Kati ya wagonjwa 34 waliovuka matuta na hatimaye kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huo, 33 walikuwa wamesema ndiyo. Huenda hilo ndilo jema pekee ambalo mtikiso wa tuta umewahi kumfanyia abiria.

Kulivuka tuta vyema si kazi ngumu. Dereva hupunguza mwendo mapema, si anapolifikia, na hutazama kioo ili ajue kama kuna aliyemkaribia mno kwa nyuma. Breki huachiliwa kabla magurudumu ya mbele hayajagusa tuta, kwa sababu gari lililofungwa breki huinamisha pua na springi zake za mbele huwa zimekwisha kubanwa kabla ya pigo lenyewe kufika. Magurudumu yote mawili ya mbele hupanda kwa pamoja. Wenye magari ya chini hupenda kulivuka kwa mshazari. Hilo si kosa madhali dereva habiringishi gari lake hadi upande wa wanaokuja. Baada ya kushuka, mwendo huendelea kuwa ule ule wa kuvukia, kwa maana mtaa haujaisha.

Sheria na wanaoikiuka

Baadhi ya madereva hudhani kwamba kukosa adabu barabarani ni suala la malezi tu, na kwamba polisi hawana la kufanya hadi mtu agongwe. Wanajidanganya. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki kinasema wazi kuwa ni kosa kuendesha gari bila uangalifu au bila kuwajali ipasavyo watu wengine wanaoitumia barabara. Kutowajali wengine kumetajwa kwa jina lake. Si lazima damu imwagike ndipo kosa litimie. Kifungu cha 47 kinahusu uendeshaji wa kizembe na wa hatari, ambao adhabu yake ni kali zaidi.

Marekebisho ya mwaka 2012 yaliongeza kifungu cha 45A, kinachomzuia dereva kupanda njia ya wapita njia ili kukwepa msongamano wa magari. Hapa kuna upungufu unaofaa kuangaliwa na wabunge, kwani kifungu hicho kiliandikwa kwa kuzifikiria foleni. Anayeingia ukingoni kukwepa tuta, barabara ikiwa wazi kabisa, hakutajwa, ingawa atembeaye kwa miguu haoni tofauti yoyote kati ya wawili hao. Kwa sasa mkosaji wa namna hiyo anaweza kunaswa kwa kifungu cha 49.

Tatizo kubwa zaidi ni utekelezaji. Kanuni maarufu za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vilivyozuia magari ya abiria kuzidi kilomita 80 kwa saa. Zilileta nidhamu kubwa katika barabara kuu. Lakini kidhibiti cha kilomita 80 hakina msaada wowote katika barabara ambapo hata 40 ni nyingi. Maafisa wa trafiki nao huonekana kwenye barabara kuu na mizunguko mikubwa. Ni nadra kumwona mmoja amesimama kando ya tuta la mtaani saa za watoto kutoka shuleni. Mkazi anayetaka hatua ichukuliwe hana budi kunakili nambari ya usajili wa gari, saa, mahali na kitendo chenyewe, kisha apige ripoti katika kituo cha polisi. Malalamishi ya jumla kwamba "madereva wa hapa ni wabaya" hayamfikishi yeyote kortini.

Matuta ya usiku mmoja

Pale ambapo sheria haionekani, wananchi hujichukulia hatua. Mtoto hugongwa, hasira hupanda, na kufikia asubuhi barabara imeota tuta la udongo, mawe na saruji, wakati mwingine matairi makuukuu yaliyofukiwa. Nani atawalaumu wazazi hao? Hata hivyo, tuta lililojengwa kwa uchungu huweza kuua watu wengine. Halina rangi wala kibao cha tahadhari cha pembetatu yenye ukingo mwekundu, na usiku mwendeshaji wa pikipiki hulifikia kabla ya kuliona. Aghalabu pia ni lile tuta fupi tulilolieleza, linalowahangaisha wenye magari madogo na kuwaachia wakaidi.

Kuweka kizuizi chochote barabarani bila idhini ya mamlaka husika ni kinyume cha sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilizigawa kazi hizo kwa mamlaka tatu: KeNHA inayosimamia barabara kuu za kitaifa, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya zile za mashambani. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, barabara za kaunti, zikiwemo nyingi za mitaa ya makazi, ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo swali la kwanza kwa chama cha wakazi kinachotaka tuta ni kujua barabara yao ni ya nani, kwani barua iliyopelekwa kwa mamlaka isiyohusika huweza kukaa ofisini miezi mingi. Barua iambatane na maelezo ya ajali zilizotokea, mahali ilipo shule au soko, na majina ya wakazi wanaoiunga mkono, kwa sababu yupo jirani ambaye tuta litawekwa mbele ya chumba chake cha kulala.

Ni vyema pia kufikiria magari ya dharura. Majaribio yaliyofanywa na idara ya zimamoto ya Portland, jimbo la Oregon, Marekani, katika miaka ya tisini yalionyesha kuwa kila tuta liliweza kulichelewesha gari la zimamoto kwa kati ya sekunde moja na tisa, kulingana na aina ya gari na umbo la tuta. Matuta sita mfululizo huweza kula karibu dakika nzima nyumba ikiteketea. Baadhi ya miji imeamua kutumia matuta yaliyokatwa vipande, yenye mianya iliyopimwa ili magurudumu ya ambulensi, ambayo yametanuka kuliko ya gari dogo, yapite pande zote mbili bila kuguswa. Gari dogo haliwezi kukwepa, kwani likipitisha gurudumu moja mwanyani, la pili hupanda tuta.

Kuhusu ule ukingo unaowavutia wakwepaji, dawa yake ni rahisi na haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Tuta hufikishwa hadi kwenye ukingo wa mtaro na bomba likapitishwa chini yake kwa ajili ya maji, au panapoachwa nafasi, nguzo fupi za zege husimikwa kwa umbali unaomruhusu mtu, kiti cha magurudumu na mkokoteni kupita lakini si gari. Nguzo za mbao hazifai. Katika mitaa mingi zitakuwa zimegeuzwa kuni kabla ya juma kuisha.